Adabu ya Doto

Tangu binti yake Farida afariki, Mzee Abdulrahim alimlea mjukuu wake wa kike, Doto, nyuma ya duka lake la vitambaa pale Dongobesh. Miaka sita alimfundisha yale aliyofundishwa yeye katika chuo cha Kurani: kuamkia kwa kupiga goti, kuinamisha macho, kutotia neno mpaka aruhusiwe. Watu walimsifu mtoto, na kila sifa mzee aliipokea kwa neno moja: "Alhamdulillahi."

Ndipo Bashiri, baba wa mtoto, aliyekuwa kimya miaka yote hiyo, akafungua shauri. Ameoa, amejenga Katesh, anamtaka mwanawe. Hakimu akamteua Getruda, afisa wa ustawi wa jamii, azitembelee nyumba zote mbili, amsikilize mtoto, kisha aandike taarifa.

Getruda alifika siku ya mnada, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana."

Alinyweshwa chai ya maziwa, akalishwa maandazi, akaulizwa habari za wazazi wake mmoja mmoja. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Mzee, naomba sasa nizungumze na Doto, sisi wawili tu."

"Mwanangu, katika nyumba hii mwenyeji hamwachi mgeni na mtoto akaenda zake. Itakuwa aibu."

"Mimi si mgeni, Mzee. Nimetumwa na mahakama."

"Basi wewe ni mgeni mara mbili!" Mzee akacheka.

Getruda hakucheka. "Nakuomba tena. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Nitakaa kimya kama mtungi. Wewe uliza."

Getruda akamgeukia Doto. "Mama, wewe ungependa kuishi wapi?"

Doto aliutazama mkeka. Kidole chake kilikuwa kikifumua ukindu mmoja.

"Nitakaa watakaponiweka wakubwa."

Kifua cha mzee kikajaa. "Umesikia? Na ana miaka minane tu!"

Getruda akaandika, wala hakuinua uso.

Taarifa ilisomwa mahakamani baada ya mwezi. Kote kuwili mtoto hakutaja anakotaka. Lakini Katesh, alipokuwa peke yake na afisa, alicheka, akasimulia habari za kuku na shule. Kwa babu hakuinua macho. Na babu, aliyeombwa mara mbili, alikataa kutoka. Afisa aliona mtoto aliyefungwa kinywa. Hakimu akamkabidhi Doto kwa baba yake.

Ukumbini mzee alimfuata Getruda, fimbo ikigonga sakafu. "Mwanangu, njoo tena. Safari hii nitatoka. Nitakwenda mbali, hata Tumati."

"Nilikuomba, Mzee," alisema Getruda, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Nilikuomba mara mbili."

Asubuhi ya kuondoka, mzee alimfunga Doto kanga ya marehemu mama yake.

"Mbona hukusema, mjukuu wangu? Ulitaka kukaa wapi?"

"Hapa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja uniruhusu, babu."

Kituoni Bashiri alikuwa amekwisha kushika viti. Doto akapiga goti, macho chini. "Shikamoo, baba." Kisha akapanda, asigeuke nyuma, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ageuke.

"Mtoto ana adabu huyu!" kondakta akamwambia mzee, akifunga mlango. "Amelelewa, kweli amelelewa."

Mzee Abdulrahim alifumbua kinywa atoe lile neno lake la siku zote. Halikuja.