Tiki Tano za Mapozi

Jopo la kuchunguza vifo lilikaa kwenye chumba cha mafunzo cha kliniki, watu watatu na faili moja. Faili lilikuwa la mdogo wangu. Tulimwita Mapozi kwa sababu hakutoka nyumbani bila kuchana nywele. Mwaka wa pili huo alikuwa akinywa methadoni, dawa ya kuwasaidia walioacha heroini, hapo kila asubuhi, unga ameshaacha. Nyumbani mama alikuwa anasubiri jibu moja tu: mwanawe alirudia unga au hakurudia?

Mwenyekiti, mwanamke wa sauti ya taratibu, alisoma. "Damu haikupimwa, kwa hiyo tunategemea daftari la dozi. Dozi zote alikunywa, na dozi aliyoizoea haiwezi kumuua. Tunaelekea kuandika kwamba alichanganya na unga."



"Samahani," nikasema. "Wiki ile, Jumatatu mpaka Ijumaa, tulikuwa wote kwa shangazi, anaumwa. Hakunywa dawa hata siku moja. Jasho lilimtoka, nikawa namfunika blanketi. Jumamosi ndiyo akarudi hapa, Jumapili hakuamka."

Wakanisogezea daftari. Jumatatu, tiki. Jumanne, tiki. Zote tano za wino mmoja, zimepangana kama zimepigwa kwa mkupuo.

Daktari wa jopo akavua miwani. "Aliyekosa hata siku tatu huanzishiwa dozi ndogo, maana mwili umepoteza mazoea na dozi kamili yaweza kumuua. Huyu Jumamosi alipewa kamili."

"Dada, una uhakika?" mwenyekiti akauliza. "Tukiandika hivyo, kuna mtu atawajibika."

Nilimtazama nesi wa dirisha la dawa, aliyekaa karibu na mlango. Ndiye aliyekuwa akimtania, "We Mapozi, umekuja kunywa dawa au kuposa?" naye anamjibu, "Vyote, sista, anza na dawa." Msibani aliosha vyombo vyetu siku tatu.

"Nina uhakika," nikasema.

Nesi akasimama. "Ni mimi. Akikosa siku tano anafutwa kwenye orodha, na kurudi ni miezi. Alinipigia simu, nikamwambia nenda, nitakupigia tiki. Jumamosi sikuwa zamu. Mwenzangu aliamini daftari."

Mwenyekiti akaikata ile sentensi ya unga kwenye rasimu yake, akaandika nyingine, akanisomea. Neno unga halikuwemo. Nilisaini.

Nesi alinifuata hadi kwenye korido. "Dada, mama utamwambia nini?"

"Kwamba hakurudia," nikamwambia. "Hayo mengine njoo umwambie mwenyewe."