Viraka vya Goti la Kushoto

Kwanza kilisikika kikohozi. Kikavu, kikafuatiwa na kingine, kisha ukaja mngurumo mzito ulioanzia chini kabisa, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno la kuudhi. Sindano ya cherehani ikasimama katikati ya kitambaa. Mshonaji hakuhitaji kutoka nje aone. Bati la kibanda chake lilikuwa linatetemeka, na katika yadi ile yote ya malori ni lori moja tu lililojua kulitetemesha.

Walikuwa wamemwasha Shangazi.

Aligeuka kulitazama pazia. Nyuma ya pazia ndipo walipolala, yeye na mumewe na watoto, na saa hiyo mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimenya viazi. Kisu nacho kilikuwa kimesimama. Kupitia upenyo aliuona mguu wa mumewe, ule wa kulia uliounganishwa kwa vyuma. Ulikuwa unaikandamiza sakafu polepole, unatafuta breki.

"Leo wanamkata," mume alisema.

"Leo."

"Basi na wamkate vipande vidogo."

Shangazi lilikuwa lori la zamani kuliko yote, la uso bapa na taa za mviringo, na juu ya paji lake mchoraji fulani aliyekwisha kusahaulika aliandika HARAKA YA NINI. Madereva walimwita Shangazi kwa sababu hakukemewa, hakukimbizwa, na ukimkosea heshima alikuaibisha mbele za watu. Alibeba saruji, mbao, mbolea na wafu. Sasa yalikuja malori mapya yenye viyoyozi, na mkataji chuma alikuwa ameitwa na mtungi wake wa gesi. Madereva wa zamani nao waliitwa kuja kumuaga na kupigwa naye picha. Ndiyo maana tangu juzi rafu ya mshonaji ilikuwa imejaa suruali zao. Kila mmoja alitaka kiraka kipya, apigwe picha akiwa nadhifu.

Yeye mshonaji aliapa kwamba hatakanyaga huko. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa inamenya viazi.

Mumewe alikuwa ameendesha malori mengine miaka na miaka bila hata kukwaruza kioo. Siku moja dereva wa Shangazi, mzee mmoja wanayemwita Bampa kwa ajili ya tumbo lake, akapatwa na homa, na mume akapewa ufunguo. Saruji nyuma, mvua mbele. Katikati ya mteremko mrefu lori likamtoroka. Alikanyaga breki mpaka zikanuka moshi, zikafa. Kule chini kulikuwa na foleni ya magari na watu. Akaukata usukani, akalipiga lori kwenye ukingo wa udongo ili liue mmoja, yaani yeye, lisiue wengi. Halikumuua. Lilimchukua mguu.

Kisha watu wa ofisi wakaja kupima. Wakakuta gia haimo, na kwa madereva gia isiyomo mteremkoni ina maana moja tu: dereva ametia fri. Ameitoa makusudi ili gari literemke lenyewe, dizeli isiungue, naye akaiuze kichochoroni. Mume aliapa kwa kila cha kuapia. Wakamwambia lisemwalo lipo. Leseni ikachukuliwa, kazi ikaenda, na jina likabaki: Fri. Hata bombani watoto wa watu walimsalimu hivyo, "Shikamoo, Mzee Fri", kwa adabu kabisa.

Hayo yote mshonaji aliyameza. Lililomkwama kooni lilikuwa la juzijuzi. Mumewe alikuwa amekaa vilevile, akasema taratibu bila kuulizwa, "Labda niliitoa. Labda mkono ulitoa wenyewe, nami sikumbuki." Mtu anaweza kuishi na jina baya analolikataa. Siku akilipokea, ndani ya nyumba hamna mtu tena.

Bampa akatuma salamu kutoka yadini kwamba anasubiri suruali yake, picha inapigwa sasa hivi. Mshonaji alikata uzi kwa meno, akaitupa suruali begani, akatoka. Alijiambia atampa na kurudi.

Madereva walikuwa wamekalia matairi chakavu, wamemzunguka Shangazi anayenguruma mahali alipo. Mkataji chuma, kijana mgeni mwenye miwani myeusi, aliegemea mtungi wake. Msimamizi wa karakana alikuwa akitazama saa. Hakuna aliyemwona mshonaji akifika, maana zamu ilikuwa ya dereva waliyemwita Redio kwa mdomo wake usiozimika, na Redio akishika maneno hata injini husikiliza.

Walikuwa wanakumbuka. Mmoja alikumbuka mlango wa kushoto uliofungwa kwa kamba, na jinsi kamba ilivyokatika abiria akateremka kabla ya kituo chake. Mwingine alikumbuka usiku wa baridi milimani, wakilala juu ya kifuniko cha injini kama paka juu ya jiko. Bampa alisimulia, kwa sauti ya chini, kwamba masika moja mama yake alifariki, njia ikawa tope tupu, kila gari likakataa. Shangazi peke yake ndiye aliyemfikisha mama kaburini. Hakukwama hata mara moja.

Redio akaona huzuni imezidi. Akauliza ni nani pale ambaye hajampigia Shangazi goti.

Walicheka wote kwa pamoja, kila mmoja akajipiga goti la kushoto. Mkataji akauliza goti la nini. Redio akamweleza kwa raha zote: gia ya tatu ya Shangazi ilikuwa na tabia. Ukishika mteremko, hasa ukiwa na mzigo, inajitema yenyewe kama mtoto anavyotema dawa. Dawa yake ni moja. Unaegemeza goti la kushoto kwenye mkono wa gia, unaubana, na huliondoi mpaka tambarare.

"Mama watoto wangu mwenyewe sijawahi kumpigia goti," Redio akamalizia. "Shangazi nimempigia nchi nzima."

Mshonaji aliitazama suruali iliyokuwa begani mwake. Kiraka cha goti la kushoto. Akaziona kichwani zile za rafuni, na za mwaka jana, na za miaka yote tangu afungue kibanda: kushoto, kushoto, kushoto. Aliwahi kudhani ni kwa ajili ya sala, kisha akakumbuka kwamba mtu anayesali hupiga magoti mawili. Akaacha kuwaza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, naye alikuwa amekishonea viraka kwa mkono wake mwenyewe. Suruali za mumewe hazikuwahi kutoboka goti hilo. Siku ile ya ajali alivaa ya kahawia. Waliikata hospitali kutoka kwenye mguu wa kulia, na goti la kushoto lilibaki zima, kama jipya.

"Mume wangu mlimwambia?" aliuliza.

Ndipo wakamwona. Kicheko kilikatika, akabaki Shangazi akinguruma peke yake.

Redio alikuwa wa kwanza kupata ulimi, akasema shemeji asichukulie hivyo, Shangazi hakuwa na darasa, kila dereva alimgundua mwenyewe. Ndiyo ilikuwa raha yake. Bampa akasema yeye siku ile alikuwa amelala na homa.

"Homa ilipona lini, mzee?" mshonaji akamuuliza. "Kabla hajaitwa mwizi, au baada?"

Bampa aliinamisha kichwa. Alisema kwamba wangetaja ugonjwa wa gia, Shangazi angesimamishwa siku ileile. "Gari lililompeleka mama yangu kaburini, shemeji. Niende ofisini nilitaje ubaya wake?"

"Mama yako lilimbeba mara moja. Mume wangu analibeba kila siku."

Msimamizi akaingilia. Hizo ni soga za madereva, alisema, na soga si ushahidi. Lori limekwisha kuandikwa chuma chakavu, mkataji ana kazi nyingine. Akampa kijana ishara. Mshonaji hakupiga kelele. Alikwenda akaketi kwenye kidaraja cha kupandia kebini, akaikunja suruali ya Bampa mapajani mwake kama mtu anayesubiri basi.

"Mama, toka hapo."

"Injini inawaka," alisema. "Yadi yenu ina mteremko, kutoka hapa mpaka kwenye sehemu ya kuoshea magari. Na Mzee Bampa ana goti. Aliteremshe, mimi nikae kando yake. Likibaki kwenye gia, nitamshikia huyu kijana mtungi, amkate."

Msimamizi aliwatazama madereva ili wacheke pamoja naye. Hakuna aliyecheka. Bampa alikwisha kuinuka.

Ndani ya kebini kulinuka dizeli na ngozi kuukuu. Mshonaji alikaa kwenye kiti cha abiria, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mkono wa gia. Ulikuwa na kutu pande zote, isipokuwa upande mmoja, ule wa dereva. Hapo ulisuguliwa mpaka ukang'aa kama kijiko.

Bampa akalirudisha lori nyuma mpaka ukuta wa karakana, akaanza kuteremka. Moja, mbili, tatu. Akaondoa mguu kwenye mafuta. Na bila yeye kujua, goti lake likaenda mahali pake.

"Toa goti, mzee."

Hakutoa. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Mzee. Toa goti."

Bampa alilitazama goti lake kama la mtu mwingine. Kisha akalivuta pembeni.

Hakikutokea kitu. Shangazi aliteremka taratibu, gia imetulia mahali pake, na mshonaji akamfikiria mumewe. Huenda kweli aliitoa. Huenda amewaaibisha wazee wa watu, na nyumbani kwake ukweli ni ule wa ofisini. Gurudumu la mbele likapita kwenye shimo dogo.

Kluk.

Mkono wa gia uliruka, injini ikashusha sauti ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo, na lori likaachiliwa. Mapipa ya maji yalikuja mbio. Bampa akakanyaga breki kwa mguu wote na tumbo lote, Shangazi akapiga chafya ya upepo, akasimama karibu kabisa na pipa la kwanza.

Walipoteremka, mume alikuwa langoni. Alikuwa na fimbo mkono mmoja na kisu cha viazi mkono mwingine. Hakumtazama mkewe wala wenzake. Alikuwa analitazama lori.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia."

Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi, mguu mbovu umenyooka mbele yake, akawa anarudia neno lile. Hiyo. Hiyo. Bampa alimwendea, akamnyooshea mkono. Mume hakuuona mkono. Macho yake yalikuwa kwenye goti la kushoto la mzee, kwenye kitambaa kilichochakaa, na hapo yalibaki mpaka Bampa akaurudisha mkono mfukoni.

Msimamizi alimwambia kijana afunge gesi. Hakusema amekosea. Alisema tu kwamba mkubwa atakuja kesho, mwenye la kusema akaliseme mbele yake, na mpaka hapo lori lisiguswe. Madereva wakaitikia. Kesho, Mungu akipenda. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila picha. Redio aliondoka bila neno, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona.

Mshonaji alimwinua mumewe kwa kwapa. Walitembea polepole kuelekea kibandani, na nyuma yao Shangazi alizimwa, bati likatulia.

"Kesho watasahau," mume alisema. "Nawajua. Watalala, wataamka, kila mmoja atasema alikuwa mbali hakusikia. Miaka yote hii walijua, mama watoto. Walikuja kuniona hospitali. Walileta matunda."

Mkewe alimfikisha mlangoni, akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, mbele ya rafu. Suruali zilikuwa zimepangwa humo, nyeusi, kijivu, za kaki, kila moja na goti lake. Akaiweka ya Bampa juu ya zote.

"Unaziona?" alimwambia. "Nguo zao nzuri zote ninazo mimi. Nakuahidi, baba watoto, mbele ya hii mashine inayotulisha: hakuna atakayevaa yake kabla hajasimama mbele ya mkubwa akasema goti lake lilikuwa wapi. Na asiyesema, nitakwenda na suruali yake mimi, nikaseme kwa niaba yake."