Ukuta Ulionyweshwa Siku Sita

Vumbi la saruji ni la kijivu, tena halina adabu. Lilimpokea fundi kabla hajavuka kizingiti cha msikiti wa kale, na humo yeye hakuacha saruji, aliacha chokaa.

Siku tisa alikuwa maabara. Alikwenda na kipande cha lipu kisichozidi ukucha, akakitia asidi kikachemka, akaosha, akachekecha, mpaka mchanga ukasema: wa mtoni, laini, sehemu tatu kwa moja ya chokaa. Siku tisa za kuwauliza marehemu walichanganya nini, nao wakamjibu.

Chokaa haina haraka. Hukomaa kwa kunyweshwa, asubuhi na jioni, chini ya magunia. Ndivyo alivyouacha ukuta wa kibla, umezibwa nyufa kwa chokaa ya awali, maua yake ya kuchongwa yakipumua. Ndoo alimkabidhi baba yake mdogo, mwenyekiti wa kamati. Mwagia tu, alimwambia, mbio mbio, akapanda gari.

Siku sita mzee alimwagia. Siku ya saba akafunua gunia, akaona ukuta unatiririka, akaita vijana, akaita saruji.

Ebo! Miaka mia tatu mvua imeushindwa, jua limeushindwa, aje kuuzika mtu mwenye nia njema! Saruji haipumui. Chumvi itanaswa humo ndani, itayala maua polepole mpaka yawe unga. Hasira ilimpanda fundi hadi akampita mzee bila shikamoo.

Akashika patasi. Pigo la kwanza, saruji ikabanduka, na ua zima likabanduka nayo, likasambaa sakafuni.

"Baba mdogo, nani alikutuma?"

Mzee alikuwa ameshachuchumaa, anaokota vipande, kimoja kimoja, akivitia kwenye kofia yake.

"Uliniambia nimwage maji, mwanangu. Siku sita nimemwaga huku roho inaniuma, najua nauozesha ukuta walioswalia babu zako. Hukuniambia kwa nini."

Fundi aliiweka patasi chini. Hasira haikuisha. Ilimgeukia yeye mwenyewe, na huko ikawa kali zaidi. Ripoti yake ilikuwa na kurasa arobaini, na zote arobaini alizipeleka kwa wakubwa. Mtu aliyeshika ndoo hakupewa hata sentensi moja.