Saruji ya Mama Pendo

Jumanne tarehe 21 Januari 2025, saa kumi jioni, nilimkuta mwanangu Pendo nyuma ya choo anajisugua mkono kwa jiwe la kusugulia miguu. Jiwe lenyewe lilikuwa la marehemu mama yake. Alikuwa amelichovya kwenye sabuni ya unga, na povu lilishaanza kuingia damu.

"Unafanya nini wewe?"

"Naoga."

"Kuoga gani huko, mkono mmoja?"

Nikamnyang'anya jiwe. Ngozi ilikuwa imetoka kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja. Ana miaka tisa huyu. Nikampaka asali, maana mimi ni mrina asali na dawa nyingine nyumbani sina, na wakati nampaka ndipo aliposema, bila hata kulia, "Baba, shuleni wananiita Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Nenda kaangalie ukutani."

Ukuta ule naujua kuliko mtu yeyote hapa Itigi. Mwezi wa tisa wazazi tuliitwa nguvukazi shuleni. Wengine waliteka maji, wengine walisomba mchanga wa korongoni. Mimi ujanani nilishika mwiko wa uashi huko Manyoni, kwa hiyo nikapewa kupiga lipu ukuta wa darasa la tatu, ule unaotazama barabara. Siku tatu, hata uji hawakutupa. Lakini niliupiga ukanyooka. Niliposikia wafadhili watachora hapo picha ya elimu nilifurahi, nikasema mwanangu atakuwa anapita anaona kazi ya baba yake. Kisha nikaingia porini kwenye mizinga yangu, na hiyo picha sikuiona.

Jumatano asubuhi nikaenda.

Ukuta umegawanywa katikati. Kushoto wameandika KABLA YA ELIMU, na chini yake kuna mtoto mweusi. Si weusi wa mtu, ni weusi wa lami. Midomo myekundu imevimba, macho yametoka, kifua wazi, nzi wawili usoni, anatafuna mfupa. Halafu kuna mshale. Kulia wameandika BAADA YA ELIMU, na mtoto ni yuleyule, sasa rangi yake kama papai bivu, nywele zimelala, miwani, kitabu mkononi, anacheka.

Nilisimama pale mpaka watoto wakaanza kupita. Mmoja akasema, "Baba Kabla huyo kaja," na wenzake wakaangua kicheko.

Mwalimu mkuu, Melkizedeki, ni kijana, akaniamkia shikamoo vizuri tu. Heshima ya mdomoni hawa wanayo.

"Marahaba. Ule ukuta, nani kaamua?"

"Ni hamasa tu, mzee Lazaro. Mchoro umetoka kwa wafadhili, fundi rangi kaunakili kama ulivyo. Usiangalie rangi, angalia ujumbe."

"Ujumbe nimeuona. Mtoto kaanza mweusi, kasoma, kawa mweupe. Wewe umesoma mpaka chuo, mbona hujawa mweupe?"

Mwalimu Ritha alikuwa anasahihisha madaftari pembeni. Akainamisha uso, mabega yanacheza. Mkuu hakucheka. Akavuta faili.

"Hili lilipita kwenye mkutano wa wazazi, mzee. Mlikubali wenyewe. Wewe ni namba kumi na nne."

Nikaangalia. Ni kweli, Lazaro, kwa herufi zangu za darasa la nne, zile ninazoziandika taratibu kama mtu anayevuka mto.

"Haya ni mahudhurio. Nilisaini kwamba nimefika."

"Lakini hapa juu pameandikwa, wazazi wafuatao wameridhia."

"Hapo juu siku ile palikuwa peupe, mwalimu."

Akaanza kuangalia dari.

Ndivyo wanavyotufanya. Miaka miwili iliyopita mke wangu Theodora alitokwa damu baada ya kujifungua. Gari la wagonjwa la kituo cha afya lilikuwepo, limeegeshwa, halina mafuta. Akafa yeye, na mtoto akamfuata. Wakanipa karatasi nisaini nichukue miili, nikasaini. Nilipokuja kulalamika wakanionyesha karatasi ileile, eti nimekiri kwamba nilichelewa kumleta. Sisi wa darasa la nne tunajua kuandika majina yetu, na wakubwa hawahitaji kingine kutoka kwetu.

Nikaenda kwa Anselm, mwenyekiti wa kamati ya shule. Tumekua pamoja.

"Baba Pendo, liache hilo," akasema. "Wafadhili wameahidi madawati. Ukipiga kelele wanaondoka."

"Kwa hiyo mwanangu ndiye bei ya madawati?"

"Watoto wanataniana tu. Mimi mwenyewe shuleni waliniita Kichwa Boga, nimekufa?"

"Na hilo boga lako walilichora ukutani, likatazama barabara?"

Akakuna hicho kichwa. "Basi andika barua."

"Niandike, halafu juu mtaongeza nini?"

Alhamisi Pendo hakwenda shule. Ijumaa hakwenda. Nilimtisha kwa fimbo, akaninyooshea ule mkono wenye kidonda, nikaiweka fimbo chini. Jumapili akaniambia hatarudi tena, atakuwa anakuja porini kulinda mizinga, nyuki hawaulizi mtu rangi yake. Mama yake alikuwa mweusi vilevile, na ule weusi ndio niliouona kwanza, kwenye foleni ya maji, kabla sijajua jina lake. Alikufa akiniachia neno moja tu, kwamba mtoto asome. Sasa nimwambie nini?

Ndani nilikuwa na nusu mfuko wa saruji, nimeufunga kwenye nailoni. Ilikuwa ya kujengea kaburi la Theodora, maana mpaka leo ni udongo tu, mvua ikinyesha linatitia. Jumatatu nikaupakia kwenye baiskeli pamoja na ndoo, mwiko na nyundo. Pendo akauliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, njoo uone.

Tulifika saa nne, wakati wa mapumziko. Nilitaka wanione. Mchanga ulikuwepo, ule tuliosomba wenyewe. Nikaugonga ukuta kwa nyundo ili saruji ishike, nikaanzia usoni kwa yule mtoto, kwenye ile midomo. Watoto wakajaa. Mkuu akatoka na simu sikioni, akanizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Mzee Lazaro, unaharibu mali ya umma."

"Lipu hii niliipiga mimi, mwalimu. Narudia kazi yangu."

Pendo alikuwa ananiletea maji kwa kopo, haraka haraka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne niliona meno yake. Nikafunika kichwa, kifua, nzi, mfupa, mpaka maandishi. Nilipofika kwenye mshale saruji ikaisha. Chini ya mfuko ilikuwa imeganda mawe, na sikuwa na nyingine. Nikaunyoosha ukuta kwa ubao, nikageuka nimtazame mwanangu.

Alikuwa hacheki tena. Anatazama upande wa kulia. Yule wa rangi ya papai alikuwa amebaki peke yake kwenye ukuta mzima, miwani yake, kitabu chake, anacheka. Na upande wangu ulikuwa wa kijivu, mtupu, unakauka.

Hasira zilikuwa zimenifumba macho. Nilianza na aliyetukanwa nikaliacha tusi.

Pendo akaniuliza jambo, polepole. Mtendaji wa kijiji, mama Eliana, akafika na mgambo wawili. Wakachukua mwiko wangu. Pendo akatangulia nyumbani peke yake, kopo mkononi.

Ofisini kwa mtendaji, mkuu na Anselm nao wapo, wakaniwekea karatasi. Nakiri kuharibu mchoro, nitaurudisha ulivyokuwa. "Saini hapa, baba, yaishe," akasema mama Eliana, wala si kwa ubaya.

Nikamwambia safari hii juu ya karatasi naandika mimi. Nikaandika alichoniuliza mwanangu, herufi moja moja, nusu saa nzima, na mgambo mmoja akasinzia. Nikamsukumia. Akasoma. Akampa mkuu, mkuu akampa Anselm, Anselm akaikunja na kuikunjua. Nikasema atakayejibu hilo, nitasaini chochote anachotaka.

Leo ni mwezi wa tatu. Kaburi la Theodora limetitia tena. Yule wa miwani bado anacheka barabarani, karatasi bado iko kwa mtendaji haina sahihi, na Pendo bado yuko nyumbani. Nilichoandika ni hiki:

"Baba, yeye umemwacha. Sasa mimi niko wapi hapo ukutani?"