Nimeshapoa

Siku ya kwanza ya msafara, kabla jua halijatoka vizuri, dereva wa gari la mkia alifuta chumvi kwenye kioo cha mbele kwa gazeti lililoloweshwa maji, akapanga ndizi na chupa za maji kwenye sanduku la barafu, akahakikisha pampu ya baiskeli inapumua. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti na kusali, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake ya udereva. Aliombea breki. Aliwaombea waendesha baiskeli kumi na wawili waliokuwa bado wanajipaka mafuta ya jua. Aliwaombea pia mbwa wanaovuka barabara bila kuangalia. Alipomaliza akajaribu sauti yake, akashuka nayo hadi noti ya chini kabisa, na kijiko kikatetemeka ndani ya kikombe cha chai kilichokuwa juu ya dashibodi.

Watu wote walimwita Besi, hata watoto wake. Mkewe ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa lao, na Jumapili ya mwisho wa msafara huo kulikuwa na shindano la kwaya. Kwaya nyingine zilikuwa na mabesi wanne au watano, wanene, wenye mavazi ya kung'aa. Wao walibaki na Besi peke yake, kwa sababu mwenzake alihamia mtaa wa pili akajiunga na kwaya ya huko bila hata kuona haya.

"Nenda salama, mume wangu," mkewe alimwambia mlangoni. "Mafuta yakipungua utajaza njiani. Sauti ikipungua nitakujazia wapi?"

"Itarudi nzima, mama," Besi alijibu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Waendesha baiskeli walifuata barabara ya ufukweni, bahari ikiwa upande wao wa kulia, wakipiga picha kila kona. Gari la mbele liliendeshwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno mengi na miwani ya giza. Lilikwenda kutafuta kivuli cha kupumzikia. Gari la mkia lilikuwa la Besi. Lilitambaa nyuma ya wote, na kila lilipomfikia aliyechoka lilikaa ubavuni mwake kidogo.

"Msiwaulize kama wanataka kupanda gari," Kiongozi wa msafara aliwaonya madereva. Alikuwa na filimbi shingoni. "Mtu akiulizwa anajisikia vibaya. Semeni pole, basi. Pole inatosha."

Shemeji alisema pole za kutosha, nyingine akiwa anatafuna, nyingine akiwa kwenye simu na mtu mwingine. Besi hakuweza hivyo. Kwa miaka mingi alikuwa amemwomba Mungu amsaidie asitamke kwa mdomo jambo ambalo halimo moyoni, na ombi hilo lilikuwa limejibiwa kupita kiasi.

Kwenye kilima cha kwanza alimfikia daktari wa meno. Daktari alikuwa amepinda kama ndoano, na jasho lilimdondoka puani.

"Pole, daktari," Besi alisema dirishani.

"Nimeshapoa," daktari alijibu, kama watu wote wanavyojibu.

Lakini safari hii alikuwa amepoa kweli. Akanyoosha mgongo, akapiga kengele ya baiskeli mara mbili, akapandisha kilima akipiga mluzi. Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka na uchovu wake ukaingia. Ulikuwa na kimo cha daktari, rangi ya tambara la deki, na mdomo wazi. Ukakaa nyuma ya kiti cha dereva, ukaegemeza kichwa kwenye kioo, ukalala fofofo.

Besi aliutazama kwenye kioo cha katikati.

"Funga mkanda," aliuambia.

Uchovu haukusikia. Akasimamisha gari, akashuka, akaufunga mkanda mwenyewe.

Kufikia jioni viti vyote vya nyuma vilikuwa vimejaa. Uchovu wa mhasibu ulikaa katikati na kuwaegemea jirani zake. Uchovu wa mapacha wawili wa duka la vitambaa ulilala ukiwa umekumbatiana. Gari lilikuwa limeshuka hadi ekzosi ikawa inakwaruza lami. Nje, waendesha baiskeli walikuwa wepesi kama karatasi. Walifika kambini wakiimba, wakakimbizana ufukweni, wakaomba kesho waongezewe vilima.

"Miguu hii ni chuma," daktari wa meno alisema, akijipiga mapaja.

"Ni biskuti zangu," Kiongozi alisema. "Zina shayiri."

Kisha akaja kwenye gari la mkia, akachungulia. "Besi, umebeba nini humu?"

"Uchovu wa wateja, bosi."

Kiongozi akaangalia tena. "Usiukalishe juu ya mabegi. Kuna kamera humo."

Baada ya chakula shemeji alizunguka gari, akagonga tairi kwa kiatu.

"Shemeji, hii ni kazi gani? Mimi gari langu tupu, nalala kwenye kiti cha nyuma kama sultani."

"Nawaambia pole, wanapoa. Nifanyeje?"

"Sema pole ya mdomoni. Kama yangu. Poooole!" Shemeji alilivuta neno huku anajikuna kwapa. "Unaona? Haina kitu ndani. Inapita kama upepo."

"Nimejaribu. Inatoka na kitu."

"Basi umekwisha." Shemeji aliwaza. "Lakini subiri. Kama pole inauleta, pole si itaurudisha? Mwenyewe akikuambia wewe pole, kwa moyo, nawe ukamjibu, uchovu wake utamfuata. Ngoja nijaribu. Pole, shemeji yangu."

"Nimeshapoa," Besi alisema kwa matumaini.

Ndani ya gari uchovu wa mhasibu ulifumbua jicho moja, ukamtazama shemeji, ukageuza shingo ukalala upande wa pili.

"Yangu ilikuwa ya mdomoni," shemeji alikiri. "Na mimi si mwenyewe. Wasubiri wenyewe. Mwisho wa safari kila mtu humwambia dereva pole."

Hilo lilimwingia Besi akilini, akalishika. Lakini asubuhi alipojaribu sauti, kijiko hakikutetemeka. Uzito wote ule ulikuwa umemkalia kifuani. Noti ya chini ilitoka kama mlango wa kabati. Siku iliyofuata ilitoka kama mbuzi. Akasali kwa ufupi, kwa sababu hata kusali kulikuwa kunamchosha, akaomba Jumapili imkute na koo la mwanamume.

Njiani walisimamishwa na askari wa barabarani. Alizunguka gari, akainama dirishani.

"Gari la watu saba. Humu naona zaidi ya kumi."

"Ni uchovu, afande. Watu wenyewe wako mbele kwenye baiskeli."

Askari akamulika tochi mchana ule. Akaona mikanda imefungwa, mingine miwili miwili.

"Uchovu si abiria," alisema hatimaye. "Lakini usiukalishe mbele. Unaziba kioo cha pembeni." Akajifuta jasho chini ya kofia. Alikuwa amesimama hapo juani tangu asubuhi.

"Pole na kazi, afande," Besi alisema, kabla hajaukamata mdomo wake.

"Nimeshapoa," askari alijibu. Akasimama wima, akatabasamu, akarukia katikati ya barabara na kuanza kuongoza magari kwa mikono yote miwili kama kijana. Uchovu wake ulipanda garini umevaa kofia. Ulikuwa haukai. Ulisimama umeinama chini ya paa, umelala hivyo hivyo, na kila baada ya muda mkono wake mmoja uliinuka ukazuia kitu kisichokuwepo.

Kilima cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko vyote, na mji wa kumalizia ulikuwa ng'ambo yake. Besi alikuwa ameamua. Alikuwa amefunga kitambaa mdomoni, akasingizia vumbi. Waliopata shida aliwapungia mkono tu, nao wakakokota baiskeli zao kwa manung'uniko. Aliwasindikiza hivyo hadi alipomkuta mwalimu mkuu mstaafu.

Mama huyu alikuwa hajamjibu mtu pole tangu siku ya kwanza. Kila akiambiwa alisema, "Pole ya nini? Kwani nimefiwa?" Sasa alikuwa amekaa kando ya barabara karibu na baiskeli yake, kofia ngumu mapajani, analia bila sauti na kuitazama bahari. Besi akasimamisha gari. Akashusha kitambaa. Kule nyuma uchovu ulikuwa unakoroma. Aliifikiria kwaya, akamfikiria mkewe na kijiti chake cha kuongozea. Kisha akashuka, akachuchumaa mbele ya yule mama.

"Pole, mwalimu."

Mwalimu alimtazama kama anayesahihisha daftari.

"Nimeshapoa, mwanangu," alisema.

Uchovu wake haukuwa wa baiskeli peke yake. Ulikuwa na chaki mabegani, na ulibeba madaftari ya watoto waliokwisha kuwa babu. Ulikuwa mkubwa hata ilibidi Besi alitoe sanduku la barafu na kulifunga juu ya paa. Mwalimu alipanda baiskeli na kumpita kila mtu. Wanasema alifika mjini akiwa ameachia usukani, anaonyesha watu ndege baharini. Gari la mkia lilifika likiwa na gia ya kwanza, mlango mmoja umeshikiliwa kwa kamba.

Sherehe ya kumaliza ilifanyika mbele ya hoteli. Besi alisimama karibu na kipaza sauti, ameegemea nguzo, jibu lake likiwa tayari ulimini. Kiongozi alipiga filimbi. Akawashukuru waendesha baiskeli. Akalishukuru jua, akaishukuru bahari, akazishukuru biskuti. Wakavishwa nishani. Wakapiga picha, na mpiga picha akamwomba Besi asogee kidogo kulia, kisha kidogo tena, hadi akawa nje ya picha.

Daktari wa meno alimjia amenyoosha mkono. Besi akavuta pumzi.

"Dereva," daktari alisema, "umeona begi langu la bluu?"

Mapacha walimwambia bahati yake nzuri, maana yeye amekuja amekaa. Mhasibu alimpa ndizi, moja kati ya zile alizonunua Besi mwenyewe. Mwalimu mkuu angesema, huenda. Lakini alikuwa mwepesi mno siku hiyo, ameshapanda baiskeli na kurudi alikotoka kwa kujifurahisha.

"Besi," Kiongozi aliita kwa mbali, "gari lina harufu ya usingizi. Ulioshe!"

Alifika nyumbani Jumapili mchana. Mkewe alitoka mlangoni na sare ya kwaya imepigwa pasi. Akaliona gari, akamwona mumewe akishuka guu mosi guu pili, akafungua mdomo.

"Po—"

Besi akamwahi, akamfunika mdomo kwa kiganja.

"Usiseme, mama," alinong'ona, maana sauti haikuwepo. "Wewe ukisema utasema kwa moyo."

"Nikuambie kwa nini kingine?" mkewe aliuliza chini ya kiganja.

"Ndiyo maana. Utakuangukia wote."

Mkewe akamtazama, akautazama ule uchovu unaotokeza vichwa madirishani. Hakusema lile neno. Alimletea maji ya moto na chumvi, akamtia miguu ndani ya beseni, akamsugua visigino kimyakimya. Kisha akaangalia saa.

"Sauti?"

Besi akajaribu. Ilitoka kama kibiriti kilicholowa.

"Na hawa," mkewe alisema, akielekeza kidole garini, "wanakoroma noti gani?"

Walisikiliza wote wawili. Ilikuwa ya chini kuliko kijiko kilivyowahi kutetemeka.

Ukumbini uchovu ulipangwa mstari wa nyuma, pale wanaposimama mabesi. Shemeji aliusaidia kupanda ngazi, mmoja mmoja, akilalamika mgongo. Ule wa mwalimu mkuu uliwekwa katikati. Ule wa askari uliwekwa pembeni, na mkono wake uliinuka na kushuka kwa mapigo sahihi kabisa, hata mkewe mwenye kijiti alijikuta anaufuata. Sauti ya kwanza ikaanza, ya pili ikaingia, na kutoka nyuma mkoromo ukapanda kama ardhi inayojinyoosha. Vioo vya ukumbi vilitetemeka. Jaji mmoja alivua viatu ili ausikie kwa nyayo. Besi alisimama kati yao anachezesha midomo, machozi yakimtoka, akimshukuru Mungu kwa moyo wote.

Walikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa wale wenye mavazi ya kung'aa, kama kawaida. Kuhusu kwaya ya Besi majaji waliandika kwamba besi yao ilikuwa nzito lakini ingefaa ifumbue macho.

Uchovu haukuondoka. Ulizoea sebule, ukapewa mkeka mrefu, na majirani wakazoea kuuruka wanapokuja kuomba chumvi. Jioni moja simu ililia. Alikuwa Kiongozi.

"Besi, kuna msafara mwingine wa ufukweni, mwezi ujao. Wale wale, pamoja na rafiki zao. Wamependa sana, wanasema ni barabara nyepesi. Ila gari uje nalo tupu safari hii. Walilalamika kwamba mabegi yalibanwa." Akakohoa. "Nimechoka kweli na hizi simu."

Besi aliufunga mdomo. Akauma ulimi. Akamwomba Mungu amsaidie mara moja tu.

"Pole, bosi," alisema.

"Nimeshapoa," Kiongozi alijibu kwa sauti changamfu, akakata.

Mlango wa sebuleni ukasukumwa. Uchovu wa Kiongozi ukaingia na filimbi shingoni. Ulikuwa mdogo, kimo cha mto wa kochi, na ulipolala ulitoa kasauti kembamba kama ka birika linaloanza kuchemka.

Mkewe aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi za nyimbo, akausikiliza.

"Huu hautufai besi," alisema. "Uweke sauti ya kwanza." Kisha akasogea ili mumewe apate pa kukaa.