Anayerudi Hamjui Mtu

Fundi viatu wa chumba cha jirani anadai kwamba alitusikia, kwa masikio yake mawili aliyopewa na Mungu, tukipanga kumuua mzee wa watu. Anasema alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, msumari mdomoni, kiatu cha mteja mapajani, na ukuta wetu ni wa mbao tu. Kwanza akasikia sauti nzito ya Mama Dobi: "Huyu mzee afe wiki hii, ametuchosha." Kisha sauti ya kiume, ya upole: "Sawa, afe, lakini asiumie." Halafu, na hapo ndipo anaponikodolea macho mimi, sauti ya msichana ikasema taratibu, kama mtu anayepanga sahani kabatini: "Na akirudi, arudi hamjui mtu." Fundi anasema aliumeza ule msumari. Alipoisimulia mara ya kwanza ulikuwa msumari mmoja. Sasa imefika misumari mitatu, na tukimwacha aendelee atameza na nyundo.

Maneno hayo yote tuliyasema kweli. Kosa la fundi ni kwamba alikwenda kumwita mwenye nyumba kabla hajauliza.

Mwenye nyumba alikuja na kandambili za bafuni, povu la sabuni bado liko sikioni, fundi nyuma yake na nyundo mkononi. Alimkuta Mama Dobi anakamua shuka, Pasi yuko mezani ananyoosha mashati, na mimi niko mlangoni napima nguo za mteja kwa kilo. Ndiyo kazi yangu, na ndiyo sababu ya kuitwa Mizani.

"Maiti iko wapi?" akauliza.

"Imo kwenye simu," Mama Dobi akamjibu, wala hakuinua kichwa.

Ikabidi tueleze. Tuna mchezo wetu tunauita Milango. Ni hadithi tunayoiandika pamoja kwenye kundi la simu, kila mtu na mhusika wake, na kila mhusika ana dunia yake. Kati ya dunia na dunia kuna mlango. Mama Dobi ana askari wa kike anayeitwa Chuma. Mbio, kijana anayepeleka nguo za wateja kwa baiskeli, ana mwizi anayepita ndani ya kuta. Kuna dada mmoja muuguzi, anakaa mbali na uso wake hatujawahi kuuona. Yeye anaandika pacha wa Chuma. Pasi ana Mzee wa Taa. Mimi sina mhusika. Mimi napima.

Kupima kulianza kwa sababu ya Mbio. Siku ya kwanza alikuja na mwizi anayepita ukutani, anayeona kesho, tena asiyepigika kwa jiwe wala kwa risasi. Mama Dobi akamuuliza, "Sasa sisi wengine tuje kufanya nini, kukupigia makofi?" Wakabishana mpaka maji ya moto yakapoa. Mimi nikasema nguvu iwe kama mzigo wa nguo, ukiongeza upande huu, na upande wa pili uongezwe. Anayepita ukutani apite, lakini chochote alichobeba kibaki nyuma. Mbio akakubali haraka haraka bila kufikiri. Jioni hiyo mwizi wake alipenya ukuta wa ikulu, akatokea mbele ya malkia bila hata soksi. Tulicheka mpaka Pasi akaunguza kola.

Tangu siku hiyo hakuna anayeongeza nguvu bila kupita kwangu. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini kusikiliza nimejaliwa, na watu wakibishana mimi huwa sina haraka.

Kifo ndicho kilichotusumbua zaidi. Dunia ni nyingi, kwa hiyo aliyekufa huku yupo mzima kule; unafungua mlango, unamchukua, hadithi inaendelea. Ikawa Chuma wa Mama Dobi anakufa kama mtu anayekwenda kuchota maji. Anakatwa kichwa asubuhi, mchana yuko vitani tena. Mtu akifa hakuna anayeshtuka, Mbio anaandika tu "pole" na kuendelea na wizi wake. Basi nikaweka uzito: anayeletwa kutoka dunia nyingine ni yule yule kwa sura na sauti, ila hamjui mtu wa huku. Aliyempenda, aliyemlea, aliyezaliwa naye, wote wageni.

Mama Dobi alikuwa wa kwanza kuulipa huo uzito. Chuma alikufa darajani, akaletwa, akamtazama pacha wake akamuuliza, "Wewe nani?" Muuguzi aliandika kurasa na kurasa pacha akimfundisha dada yake wimbo wa utotoni, na Chuma akiusikiliza kwa adabu, kama unavyosikiliza habari za ukoo wa watu. Mama Dobi alilia mbele ya pipa la maji. Lakini hakuomba kubadilishiwa. Alisema, "Sasa ndiyo kifo."

Mwenye nyumba alisikiliza yote hayo povu likimkaukia. Mwisho akauliza kama kuna nafasi ya mfalme. Mama Dobi akamwambia wafalme wamejaa, labda awe farasi. Wakacheka, hata fundi akaishusha nyundo.

"Lakini huyo mzee mnayetaka kumuua," fundi akang'ang'ania, "ni baba wa nani?"

"Wangu," Pasi akasema, akageuza shati upande wa pili.

Wote walidhani anasema mhusika wake. Na mimi nilidhani hivyo.

Mzee wa Taa ilikuwa lazima afe, na Pasi alilijua hilo kabla yetu. Nguvu yake ilikuwa hii: taa yoyote anayoiwasha inakumbuka kila kilichotokea mbele yake, na yeye akiitazama anakumbuka pia. Hasahau mtu wala jina. Uzito wake: kila taa inakula kipande cha uhai wake. Mtu mwingine angewasha kwa kubana, leo moja, mwezi ujao moja. Pasi aliwasha kila mlango, kila jikoni, hata kwenye zizi la mbuzi wa dunia ya Mbio. Siri zikaisha. Mwizi hakuweza kuiba hata kijiko, mzee kashajua. Hadithi ikasimama kama mtaro ulioziba. Nilipomwambia uhai wa mzee umekwisha, hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kumwandika mwenyewe, asiumie.

Kesho yake mawingu yalikusanyika mchana. Pasi alikuwa ameondoka mapema, ameacha shuka kwenye kamba. Ni shuka za nyumbani kwake, huzifua mwenyewe tukishamaliza za wateja. Nilishazoea kuziona, sikuwahi kuuliza. Nikazikunja nikampelekea kabla ya mvua.

Nilimkuta baba yake peke yake, amekaa kwenye kiti dirishani. Shati lake lilikuwa limenyooshwa, mikono imekunjwa sawasawa kushoto na kulia. Alinikaribisha vizuri sana, akaniuliza habari za watoto, na mimi sina watoto, nikasema hawajambo. Pasi akaingia na ndoo.

"Karibu, kijana," mzee akamwambia. "Weka maji pale. Hivi wewe ni mtoto wa nani vile?"

"Wa hapa hapa, mzee," Pasi akajibu.

Akaiweka ndoo, akafuta maji yaliyodondoka sakafuni, akanisindikiza. Mvua ilikuwa imeanza, tukasimama chini ya upenu.

"Humwiti baba?" nikamuuliza.

"Nikimwita anaogopa. Anasema mtoto wake bado mdogo, hawezi kuwa na ndevu." Akazikuna hizo ndevu. "Nilizinyoa siku moja, nikajaribu. Akanipa pole, akadhani nimefiwa."

Nikarudi kazini na mvua yangu.

Aliandika kifo cha mzee siku iliyofuata, wakati wa chakula, ameegemea rundo la mataulo. Kwenye hadithi Mzee wa Taa ana mwana, mtu mzima, anayembebea mafuta. Pasi aliandika hivi: mzee alikaa kizingitini mwa mlango wa mwisho. Taa zikaanza kuzimika kutoka mbali, moja moja, zikija kwake. Mwanawe akamshika mkono akasema, Baba, ni mimi. Mzee akasema, Najua. Hata giza likiwa jingi namna gani, wewe ningekujua. Taa ya mwisho ikazimika.

Mama Dobi alisoma amesimama, kisha akaketi juu ya kapu la nguo safi, yeye ambaye hukaripia mtu akiligusa tu. Mbio hakutuma utani. Muuguzi aliandika neno moja: "Amepumzika."

Angeachwa hapo, ingekuwa vizuri. Lakini bila taa milango ilikuwa giza, kuvuka ni kwa kupapasa, na muuguzi akamtuma pacha wake kumtafuta mzee dunia ya jirani. Leo asubuhi akampata. Mzee yule yule, mzima, hajawasha hata taa moja, kiberiti bado kimejaa. "Nimemleta mpaka mlangoni," akaandika. "Pasi, mpokee."

Pasi alisoma. Akaisimamisha pasi kwenye kisahani chake, akaja mpaka kwangu mlangoni. Kwa kawaida akitaka kitu huniita akiwa kule kule.

"Dada Mizani. Arudi ananijua."

"Kaka, unaijua sheria."

"Naijua. Mara hii tu."

"Mpe bwana," Mbio akadakia, anafunga mizigo kwenye baiskeli. "Ni maneno tu, yanampunguzia nani?"

"Chuma alipomuuliza pacha wake wewe nani, yalikuwa maneno pia," Mama Dobi akasema. "Nikalia hapa, wewe ukacheka."

"Nilicheka ulivyopenga kamasi kwa shati la mteja, Mama."

"Na lilifuliwa upya! Usinitoe kwenye habari." Akakausha mikono kwenye kanga yake, akamgeukia Pasi, na sauti ikashuka. "Mwanangu, mimi sikunyimi. Mimi sipimi. Lakini ukipewa wewe, mimi nilililia nini?"

Simu zetu zikalia pamoja. Ni muuguzi, Mbio alikuwa ameshamwandikia. "Kama Mzee anarudi anamjua mwanawe," aliandika, "basi na Chuma anikumbuke. Nimekaa naye mpaka ameanza kunipenda upya. Mniambie niufute huo upendo wa pili, au niufanyeje?"

Mama Dobi alisoma, akaiweka simu juu ya dirisha, kioo kikitazama chini. Nilimwangalia Pasi. Mbio hajui habari za dirishani na ndoo, wala Mama Dobi hajui, na mimi sijapewa ruhusa ya kuzisema. Nilimsubiri azitoe mwenyewe. Hakuzitoa.

"Sitaki bure," akasema. "Mizani, chukua nguvu zake zote. Taa zisimtambue. Asiweze kuwasha hata kiberiti. Mfanye asione, asitembee, nitambeba, nitamwandika nimembeba dunia hadi dunia. Mbio amcheke, Mama amtume, sawa. Weka uzito wowote unaotaka upande wa pili, nami sitabisha." Mteja akapita katikati yetu kuchukua suruali zake, Pasi akampisha, akamwagiza asizikunje zikiwa na joto. Kisha akarudi pale pale aliposimama. "Ila akifungua macho, aseme jina langu. Dada, niruhusu niandike hivyo."