Nyuma ya Kisiwa cha Tatu

Tangu saa sita mchana mhifadhi alikuwa hakaliki, hasimamiki. Anatoka ofisini, anashuka hadi gatini, anakodolea ziwa macho, anarudi. Baba yake, mhifadhi mstaafu, alikuwa ameondoka alfajiri kwa mtumbwi akisema saa nne atakuwa amerudi. Sasa ni saa tisa, na upepo umeanza kuchafua maji.

Fundi wa mitumbwi, aliyekuwa akiziba ufa kwa lami, alijaribu kumpoza. Alisema mzee anayajua maji yale nje ndani. Bila shaka yuko mahali anabishana na samaki.

"Usinichekeshe, kaka. Amechelewa saa tano."

Alikuwa na sababu ya kuhofu. Ndani ya hifadhi injini ni marufuku, na kumfuata kwa kasia angefika giza limeshaingia. Mzee alipenda kuvulia nyuma ya kisiwa cha tatu, na nyuma ya kisiwa cha tatu ni nchi nyingine. Wahifadhi wa kule walikuwa karibu, wangemfikia upesi. Lakini anayekutwa huko bila kibali hufungiwa maji ya pande zote mbili, haruhusiwi kuvua kwa miaka mitano, na tangu afiwe na mkewe, mzee hakuwa na kingine cha kumtoa kitandani.

Fundi alimshauri asubiri saa moja zaidi. Alisubiri dakika kumi. Wimbi la kwanza jeupe lilipopasuka gatini, alikimbilia redio, akawaita wahifadhi wa nchi ile.

"Mzee mmoja, hana kibali," alisema. "Ni baba yangu."

Jibu lilikuja baada ya dakika arobaini. Mtumbwi ulikuwa umepasukia mwambani. Mwenyewe wamemkuta kwenye matete, maji kiunoni. Doria ilishampita mara mbili, naye akajikausha kimya, isije ikasemwa kwamba binti yake ameshindwa hata kumdhibiti baba yake.

Walimleta jua likizama, amefungwa blanketi, meno yakigongana. Mzee hakumtazama binti yake.

"Umenifungia maji, mwanangu."

"Nimekufungia, Baba."

Binti akampa bega, wakaanza kupanda ngazi taratibu. Katikati mzee akasimama kuvuta pumzi.

"Miaka mitano," alisema. "Nitakuwa na sabini na minane."

"Ndiyo," binti akajibu, akimkaza blanketi shingoni. "Utakuwa nayo."